Waliovishwa na Kezia

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimekuwa mtu! Simu imelia nikinyoa ndevu, nusu ya uso povu. Msichana mwenye sauti ya mtangazaji wa redio. Anaitwa Wanja. Anafanya kazi katika jumba moja la sanaa huko mjini. Wanafungua chumba cha kusomea — vitabu vya sanaa tu, mtu yeyote aingie asome bure. Hawataki vipya kutoka dukani. Wanataka vya wachoraji wenyewe, vile walivyokusanya maishani mwao. Rafu nzima, na jina la mwenyewe juu yake! Kutoka Eastlands yote watachukua mkusanyo mmoja. Akaniuliza kama ninavyo vitabu. Mimi, Obonyo wa mtaa wa Jericho, niliyeandika majina ya stesheni za reli mpaka mgongo ukapinda, nikichora picha zangu Jumapili baada ya kanisa!

Nikamwambia ninavyo vichache. Uongo wa adabu. Viko chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya kochi, na kimoja kinashikilia mguu wa meza ya TV tangu tuhamie hapa.

Nikamwambia Kezia kwamba jina la mume wake litabandikwa ukutani mjini. Hakuinua macho kwenye cherehani.

"Wavichukue mapema, Baba Clare. Nataka pahali pa kuweka sufuria za chama."

Hata hivyo nimemsikia akiimba baadaye. Nadhani ni kwa ajili yangu. Au ni kwa ajili ya sufuria.

Jumatano, 5 Machi

Nimeenda mtaa wa Fedha kwa Ndirangu. Sababu rasmi: kumjulia hali, goti linamsumbua. Sababu yenyewe: kuringa. Ndirangu alikuwa mwalimu wa sanaa shule ya upili, na anachora milima. Milima tu. Nimefika, nikaanza kuzunguka kwa maneno ili nimpasulie habari yangu polepole — kumbe naye amepigiwa! Tena kabla yangu!

Vitabu vyake viko ndani ya kabati la vioo lenye kufuli. Vingine bado vimo kwenye plastiki ya dukani. Alivaa glavu nyeupe kunionyesha kimoja. Nikaomba nikishike. Akasema ninaweza kukiona vizuri tu nikiwa nimeketi pale pale nilipo.

"Mwalimu, umewahi kukisoma?"

"Nakitunza."

Kisha akacheka, akaniambia vitabu vyangu vimekula ugali kuliko mimi.

Ni kweli, lakini imeniuma. Vyangu vimefanya kazi. Sebule yangu ndiyo imekuwa maktaba ya kila mwandika mabango, kutoka hapa hadi Kariokor. Wanabisha hodi, wanaketi, wanafungua kurasa kwa vidole vyenye rangi. Yule fahali mwekundu wa ile bucha ya Kaloleni alitoka kwenye kitabu changu cha Wahispania. Malaika aliye mlangoni pa saluni ya Mama Khavere alitoka kwa Waitaliano, akaongezwa tu nywele za kusuka. Lakini nani atatenga rafu mjini kwa ajili ya vitabu vyenye madoa ya vidole na mchuzi? Nimerudi nyumbani. Kezia ameniuliza goti la Ndirangu likoje. Sikuwa nimeliulizia!

Jumamosi, 8 Machi

Kupangusa vitabu tangu alfajiri. Kitambaa, tone la mafuta ya taa, kupuliza vumbi, kupiga chafya. Kiuno kimekufa.

Na leo nimekutana nao. Nilijua nitakutana nao. Nilikuwa najichelewesha tu.

Wamevaa! Wote!

Niandike vizuri, maana nikija kusoma haya mwakani nitadhani nilikuwa na homa. Binti yetu Clare alikuwa darasa la pili. Reli ilikuwa imenituma kuandika upya majina ya stesheni, hadi Kisumu, miezi mingi. Nyuma yangu kikundi cha maombi cha mtaa kikawa kinazunguka nyumba kwa nyumba, zamu ikafika kwetu. Vitabu vyangu vilikuwa juu ya meza ya sebuleni, kama kawaida. Niliporudi nikafungua kile kikubwa cha Waitaliano, nipumzishe macho. Yule mwanamke aliyelala kwenye kochi kwa mamia ya miaka bila uzi mwilini — alikuwa na gauni! Gauni la kitambaa, la manjano, limekatwa likamkaa sawasawa, likabandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Nikafungua mbele. Waliokuwa wakioga mtoni, kila mmoja na leso yake. Hata vile vitoto vyenye mabawa vilikuwa na kaptula! Vitabu sita. Hakusahauliwa mtu. Kezia na mkasi wake.

Nikagomba. Niligomba peke yangu, maana yeye alisema tu, "Sasa wako sawa," akanipakulia samaki.

Leo nikaamua kuwavua. Ndirangu ana plastiki na glavu, mimi nitapeleka nini, Waitaliano wenye leso? Nikachemsha birika ili mvuke ulainishe gundi. Nikaanza na yule wa kochi. Gauni likaja. Likaja na tumbo lake lote! Karatasi imebanduka nalo. Sasa hana nguo wala kitovu.

Hapo ndipo Kezia akaingia na mboga. Akatazama birika, akatazama kitabu, akanitazama mimi na kibano mkononi.

"Baba Clare! Na mvi hizo, mchana kweupe, unamvua mwanamke nguo?"

Alicheka mpaka akaketi chini. Mimi sikucheka. Labda kidogo. Nimelirudisha gauni palepale, limekaa upande. Nimevifunga vile sita kwa shuka kuukuu nikavisukuma chini ya kitanda, hadi ukutani. Wanja asivione kamwe.

Alhamisi, 13 Machi

Amekuja. Mdogo kuliko sauti yake. Viatu vya mpira, miwani mikubwa, tabasamu la kumwacha mtu hoi. Kezia ametoa vikombe vya wageni na mandazi. Nimevaa koti.

Wanja alipitia vitabu vyangu kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba anayelazimishwa kula ugenini. Akapiga picha mbili tatu. Alisisimka kidogo tu alipoona alama za vidole.

"Mzee, hizi ni poa sana, si uongo. Lakini nyingi tuko nazo tayari. Hakuna zingine mahali?"

Nikasema hakuna.

"Na zile za chini ya kitanda?" Kezia akauliza. Akiwa na birika la chai. Uso wa malaika! Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akasema, "Unanikanyaga."

Ikabidi. Nilitambaa chini ya kitanda na koti langu, nikatoka na shuka na utando wa buibui. Wanja akafungua cha kwanza. Akafungua ukurasa wa pili, wa tatu. Akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitetemeka, mpaka akavua miwani kupangusa machozi. Halafu kicheko kikaisha na yeye akaendelea kufungua, polepole sasa, akigusa vitambaa kwa ncha ya kidole. Chai ikapoa kabisa.

"Nani amefanya hii?"

Nikamwonyesha Kezia kwa kidevu, kama mtu anayemtaja mwizi kituoni.

"Mathe!" — ndivyo vijana wa mjini wanavyomwita mama — "Hii umefanya ni noma! Hakuna mtu ako na kitu kama hii, Kenya nzima!"

Nilidhani Kezia atafurahi. Aliweka birika chini, akavikusanya vitabu vyote sita kifuani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Wanja ameaga mlango uliofungwa.

Baadaye ndipo Kezia akaniambia. Yeye ni kiongozi wa akina mama kanisani. Watu waje kutoka mjini waone kwamba Kezia Amondi aliketi akitazama watu uchi, ukurasa baada ya ukurasa, akiwapima kiuno? Atasimama vipi madhabahuni kusoma matangazo?

"Vitabu hivyo haviondoki. Vyako vipeleke popote."

Jumamosi, 15 Machi

Wanja amepiga simu. Wamekaa kikao. Wanataka vile sita, na kwa sababu ya vile sita watachukua vyote. Rafu ipo! Niliruka, nikagonga kichwa kwenye taa. Nikamuuliza jina litaandikwaje.

"Mkusanyo wa Kezia Amondi."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Sauti tamu vilevile.

"Na mimi?"

"Zako pia zitakuwa hapo, Mzee. Rafu ya chini."

"Chini kabisa?"

"Chini tu."

Na bila vile sita? Akaguna kwa huruma. Bila hivyo, hakuna nafasi.

Basi hapo ndipo nilipo! Mimi niliyevitafuta vitabu hivi barabarani, kwenye vibaraza, kwa Wazungu waliokuwa wakihama. Mimi niliyevibeba begani kutoka mjini mvua ikinyesha. Jina langu liende chini. Na hata hiyo chini siipati mpaka nimbembeleze mkata nguo akubali kwenda juu!

Nimempigia Clare, aliye Njiru, nipate mtu wa kunihurumia. Amecheka. "Baba, wewe una wivu tu!" Watoto husomeshwa ili waje kusema hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Sijasikia mahubiri. Nilikuwa natazama kitambaa cha kichwa cha Kezia, safu mbili mbele yangu, nikipanga maneno.

Ndirangu amenipigia. Kina Wanja hawakuchukua hata kimoja! Kila alicho nacho wanacho, tena nao wamekiweka ndani ya plastiki. Nilijiandaa kumfariji kwa furaha. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, sikuweza. Nikamweleza yangu, ya Kezia na mkasi. Akacheka kwa mara ya kwanza leo.

"Jaduong', mzee wangu, kumbe mimi nilikosa tu mke wa kuniharibia vitabu."

Mkewe alifariki mwaka juzi. Nikamuuliza habari za goti.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemwambia Kezia. Alikuwa anashona majoho ya kwaya. Nikaketi kwenye kigoda karibu na cherehani, chini yake, ili nionekane mnyenyekevu. Nikamwambia jinsi chumba hicho kitakavyokuwa. Watoto wa hapa Jericho wataweza kuingia bila kuulizwa wanataka nini. Sikusema neno juu ya rafu ya chini. Naona nilijitahidi.

Akashona upindo mzima kabla ya kujibu.

"Unajua kwa nini niliwavisha?"

Nikasema kwa sababu ya maombi. Kwa aibu.

"Mchungaji wa wakati ule alifungua kile kitabu chako. Akakifunga. Akaomba dua ndefu sana. Kisha akaniita kando, akaniambia nichague. Ama vitabu vile vitoke nyumbani kwangu, ama nitoke mimi kwenye kikundi."

Hilo sikuwahi kulisikia! Miaka yote hii!

"Wewe ulikuwa huko Kisumu. Ningevitupa, ningesema vimeibwa, ungefanya nini? Lakini ningevitupaje? Clare alikuwa anavifungua kila akitoka shule, kukutafuta humo. Alidhani wewe ndiye uliyechora picha zote. Na kikundi nacho ndicho kilichonisaidia kumzika mama yangu. Basi nikachukua mkasi. Mchungaji akarudi, akafungua, akakuta watu wote wana nguo. Atasema nini?"

Akavuta kitabu kimoja kutoka kwenye kapu lake la vitambaa — kumbe huko ndiko alikovificha — akakiweka magotini pangu. Akanionyesha. Ile manjano ni kipande cha gauni la ubatizo la Clare, kilichobaki lilipopunguzwa. Leso moja ya wale wa mtoni ni ya mama yake, aliyojifunga siku yake ya mwisho ya kwenda sokoni. Ile kaptula ya bluu ya kitoto chenye mabawa ni pindo la sare ya shule. Nyumba yetu nzima imo mle. Nimekuwa nayo chini ya kitanda nikaona ni uharibifu tu.

Nimelemewa. Nimemshika mkono na sindano ikiwa bado katikati ya vidole vyake, ikanichoma. Akasema nimestahili.

Lakini bado hataki. Mchungaji yule alishastaafu zamani, asema, ila akina mama wangali wapo. Na mimi, niseme ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma hapa: ile rafu ya chini bado inaniuma. Nampenda, na inaniuma. Yote mawili.

Ijumaa, 21 Machi

Yawa! Siku gani hii!

Akina mama wa kanisa walikutana kwetu alasiri. Mimi nilikuwa jikoni, nimejificha, nikisubiri waondoke nipate chai. Nikasikia Mama Khavere akiuliza yule msichana wa miwani aliyekuja wiki jana alitaka nini, maana Jericho ina macho. Nikangoja Kezia aseme ni mtu wa bima.

Hakusema hivyo. Aliwaambia. Yote. Mchungaji, mkasi, gundi ya unga. Nilishika mlango wa jikoni, tayari kwenda kumtetea, sijui kwa silaha gani — nilikuwa na mwiko.

Mama Khavere akasema, "Tuone."

Kezia akavileta. Wakavifungua mezani, vichwa vyote vimeinama pamoja. Kisha:

"Huyu sketi yake ni fupi."

"Huyu angewekewa mikono mirefu, angalia baridi hiyo ya kwao!"

"Kezia, shingo hii uliikata bila patani ya karatasi?"

Vicheko! Mama Khavere alilia machozi. Alisema kama ni yeye, miaka ile angechoma vitabu na mwenye vitabu. Halafu akafika kwenye yule wa kochi, akainua gauni kwa kidole.

"Na huyu, tumbo limeenda wapi?"

Wote wakageuka kutazama mlango wa jikoni. Nikarudi nyuma na mwiko wangu.

Wameamua watakwenda kwenye ufunguzi, kikundi kizima, na vitambaa vya kichwa vya sare. Walipoondoka Kezia alivikusanya vikombe kwenye beseni, akasema bila kunitazama, "Mwambie Wanja aje kesho." Uso wake ulikuwa mwepesi. Nimepiga simu. Nimekosea namba mara mbili, sijui ni kwa furaha au kwa ule wivu.

Jumamosi, 22 Machi

Wako sebuleni sasa hivi. Naandika haraka, nimeketi ukingoni mwa kitanda.

Wanja amekuja na gari na masanduku ya karatasi ngumu. Ameleta na kibao chenyewe, kimeandikwa tayari, herufi nzuri — mimi nazijua herufi. MKUSANYO WA KEZIA AMONDI. Ameniwekea pale mezani kati ya mandazi, kwa heshima, akasema yeye amezungumza na Mathe na Mathe amekubali, lakini vitabu nilivikusanya mimi. Ni mali yangu. Bila mimi kusema ndiyo hawezi kubeba hata ukurasa. Na kama jina hilo silitaki, niseme, hatalazimisha, atarudi na gari tupu.

Kezia hakunisaidia. Alikuwa anatazama mikono yake. Hajawahi kuandikwa jina popote isipokuwa kwenye kitambulisho na kadi ya kliniki.

Nikasema ngoja nilete miwani. Miwani ninayo machoni. Wakaniacha niende.

Nilitaka dakika moja tu. Nipime. Rafu ya juu, rafu ya chini. Nilikuwa nimeanza hata kutunga maneno: labda majina yote mawili, langu likitangulia, kwa kuwa herufi zangu ni fupi, kibao kitapendeza zaidi. Hoja nzuri! Ya fundi!

Pazia la mlango ni jepesi. Nawasikia. Wanja anaulizia kurasa, moja moja, na Kezia anamjibu. Kwanza kwa sauti ndogo. Sasa sauti imefunguka, anacheka, anaeleza kama mtu anayetambulisha jamaa zake harusini. Huyu ni wa Clare. Huyu wa mama.

"Na huyu mwanamume?" Wanja ameuliza. "Huyu amesimama peke yake. Hii kitambaa ni tofauti, ni nzito."

Namjua huyo. Kitabu cha tano. Amesimama mkono kiunoni, anatazama kando. Nilidhani ni kipande cha turubai.

Nasikia Kezia akikivuta kitabu karibu.

"Hiyo ni ovaroli ya Baba Clare. Ya kazini. Alikuwa ameiacha mlangoni, na rangi yake. Yeye alikuwa mbali, na barua hazikuwa zikija. Nikaona huyu amesimama vile yeye husimama akimaliza kuandika neno, anarudi nyuma kulitazama. Nikamkatia. Nilikuwa nikiwavisha wale wengine kwa ajili ya mchungaji. Huyu nilimvisha kwa ajili yangu. Jioni nikimlaza Clare nilikuwa nafungua hapo tu."

Nasikia kalamu ya Wanja ikiandika.

"Usimwambie," Kezia amesema. "Atavimba kichwa."

Niko hapa. Nilikuja na maneno yangu ya kibao na yamekwenda, sijui yamekwenda wapi. Uso umelowa wote, kola imelowa, mzee mzima.

"Baba Clare! Hiyo miwani haijaonekana tu? Watu wanangoja neno lako!"

Ile "ndiyo" ipo mdomoni. Ni sauti ndiyo haitoki. Nikitoka hivi wataniona, na nisipotoka watadhani nimekataa — nasikia slipa zake, anakuja mwenyewe, ameshika pazia —